Madodoso 384 na mtakwimu niliyechelewa kumwona

Ile flashi niliipokea kwenye korido ya wodi ya wazazi, saa mbili usiku, kutoka kwa mwenzangu aliyekuwa mwaka mmoja mbele yangu. "Imo SPSS nzima, ile programu ya kuchambua takwimu," akaniambia, "na kraki ya kuitumia bila leseni. Zima intaneti, zima antivairasi, ndipo uisakinishe." Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili wa magonjwa ya akina mama na uzazi. Madodoso 384 yalikuwa ndani ya boksi la glavu chini ya kitanda changu, na msimamizi alishaniuliza mara mbili matokeo yako wapi. Niliishika flashi ile kama mgonjwa aliyekabidhiwa dawa.

Utafiti wangu ulihusu upungufu wa damu kwa wajawazito. Wodini nilishawapokea akina mama wanaofika kujifungua wakiwa na wingi wa damu wa gramu 6 au 7, na nilishaona jinsi kutokwa na damu kidogo tu, ambako mzazi mwingine angekuhimili, kunavyowaweka hao ukingoni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito Tanzania wana upungufu wa damu. Mimi nilitaka kujua kama kushika mimba kabla ya miaka miwili kupita tangu uzazi uliotangulia kunaongeza hatari hiyo, kwenye kliniki tatu za pembezoni mwa Dar es Salaam. Swali lenyewe nililipenda kwa moyo wote. Ila namna ya kuligeuza kuwa takwimu sikuijua, na nikaamini namna hiyo imo ndani ya programu, kwamba nikiipata tu basi kazi imekwisha.

Programu ilifanya kazi wiki tatu. Wiki ya nne kompyuta ikaanza kujizima, kisha mafaili yote ya kwenye flashi na kwenye kabrasha la utafiti yakageuka vijialama visivyofunguka. Antivairasi nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe. Madodoso 210 niliyokwisha kuyaingiza yakapotea. Mdogo wangu alikuja kukaa nami siku kumi: yeye anasoma dodoso kwa sauti, mimi naandika. Tulikuwa tunamaliza saa saba usiku, na alfajiri niko zamu. Namshukuru mpaka leo. Lakini hata tulipofika dodoso la mwisho, nilikuwa na data tu. Majibu sikuwa nayo.

Karibu na geti la chuo kuna steshenari nyingi, na nyingine zimebandika karatasi ukutani: tunachapa, tunatoa kopi, tunachambua data. Niliingia mojawapo. Kaka aliyekuwa pale alikuwa mpole na mwepesi wa kazi. "Niachie faili, dokta, njoo Ijumaa." Ijumaa nilikuta kurasa 61 za majedwali. Kila kigeu, yaani kila jambo nililouliza kwenye dodoso, alikipambanisha na upungufu wa damu: umri, dini, kabila, kazi ya mume, umbali wa kliniki, hata siku ya wiki ambayo mama alihojiwa. Palipotokea thamani ya p chini ya 0.05, kiwango kilichozoeleka cha kusema tofauti si ya bahati tu, alipaka rangi ya njano. Nililipa, nikaandika sura ya nne ya tasnifu kwa kufuata njano.

Mtu asidhani nilikuwa sijasoma takwimu. Nilizisoma mwaka wa kwanza, nikafaulu. Nilikariri fomula, nikazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, nikarudi wodini ambako nilijiona najua kazi. Kulikuwa pia na aibu. Daktari anayeweza kufanya upasuaji wa dharura saa tisa usiku anaonaje haya kuuliza maana ya wastani? Naona wengi wetu tunanaswa hapo. Tunamlipa mtu tusiyemjua ili asituulize kitu.

Kwenye zoezi la kutetea, mbele ya walimu wanne, niliulizwa swali moja jepesi: kwa nini umetumia rigresheni ya lojistiki? Nikasema ni kwa sababu matokeo yana majibu mawili, ndiyo na hapana. "Sawa. Na kwa nini kigeu cha dini kimeingia kwenye modeli, lakini idadi ya uzazi haimo?" Sikuwa na jibu. Aliyechagua alikuwa yule kaka wa steshenari, na yeye alichagua kwa rangi ya njano. Wakaniambia nirudi baada ya miezi mitatu.

Ndipo nilipopanda ngazi kwenda ghorofa ya pili ya jengo lile lile nililosomea, kwenye idara ya epidemiolojia, elimu ya kuenea kwa magonjwa, na takwimu za afya. Kwenye mlango kulikuwa na karatasi yenye siku na saa za kuonana na wanafunzi watafiti. Karatasi ilikuwa imefifia kwa jua. Ilikuwapo siku zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dokta. Karibu ukae. Hiyo laptopu iache ndani ya begi kwanza."

Aliomba dodoso moja tupu na karatasi nyeupe. Akaniambia nimweleze swali langu kwa sentensi moja, bila kutaja programu wala jina la kipimo chochote cha takwimu. Nilijaribu mara nne. Mara ya nne ikatoka: je, wajawazito walioshika mimba kabla ya miaka miwili wana upungufu wa damu zaidi ya waliosubiri? Akachora jedwali lenye safu mbili na mistari miwili, vyumba vyote vitupu. "Tasnifu yako nzima inakaa humu," akasema. "Majedwali matupu huchorwa kabla ya kumhoji mama wa kwanza. Ukishindwa kulichora, hujajua bado unachouliza." Kisha akanieleza jambo ambalo mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliwaambia wenzake nchini India mwaka 1938: kwamba kumwita mtakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba afanye uchunguzi wa maiti, na pengine ataweza tu kusema limekufa kwa ugonjwa gani. Mimi nimehudhuria uchunguzi wa maiti. Nilielewa haraka.

Akageukia ile 384. Namba hii inajulikana katika vyuo vyetu kama salamu. Inatoka kwenye fomula ya ukubwa wa sampuli: 1.96 mara yenyewe, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara yenyewe, unapata 384.16. Maana yake ni kwamba ukitaka kukadiria asilimia fulani kwenye jamii kubwa, huku ukikubali kukosea kwa pointi tano juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, watu 384 wanakutosha hata kama asilimia hiyo huijui kabisa. Andiko langu lilikuwa nayo kwa sababu maandiko yote niliyoyasoma yalikuwa nayo.

"Hii inajibu swali la ni wangapi," Mwalimu akasema. "Wewe umeuliza hawa na wale. Ni swali jingine." Akapiga hesabu pale pale. Tuseme walioshika mimba mapema wana upungufu kwa asilimia 60 na waliosubiri asilimia 45. Ili utafiti uwe na nguvu ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo, unahitaji akina mama 170 hivi kila upande. Hapo nilipumua: mara mbili ni 340, na mimi ninao 384. "Ngoja," akasema, "walioshika mapema ni wangapi kwenye kliniki zako?" Walikuwa kama mmoja kati ya watano. Akarudia hesabu kwa uwiano huo, ikapanda hadi watu 530 hivi kwa jumla. Makundi yasipolingana, kundi dogo ndilo linalobeba mzigo, na kundi langu dogo halikufika hata 80.

Nilimuuliza kama nianze upya. Akasema la, fedha huna na muda huna, ila usiseme ulichokosa nguvu ya kusema. Tuliandika barua kwa kamati ya maadili kuomba kurekebisha malengo: lengo kuu likawa kukadiria kiwango cha upungufu wa damu, kazi ambayo 384 inaiweza, na suala la kupishanisha uzazi likashuka kuwa lengo la pili, lenye maelezo ya wazi kuhusu ukubwa wa sampuli. Iliniuma. Lile lilikuwa swali langu, na nililipoteza kwa kukosa mazungumzo ya nusu saa kabla ya kwenda kliniki.

Kuna jambo jingine alilonifundisha ambalo linahusu lugha yetu kabisa. Kurasa za steshenari zilikuwa na sentensi kama hii: "akina mama hawa wana uwezekano mara 2.25 zaidi wa kupata upungufu wa damu." Mwalimu alichukua mfano. Akina mama 100 upande mmoja, 60 wana upungufu. Akina mama 100 upande wa pili, 40 wanao. Gawanya 60 kwa 40, ni mara 1.5. Sasa fanya kama rigresheni ya lojistiki inavyofanya: 60 wenye upungufu dhidi ya 40 wasio nao, ni 1.5, upande wa pili 40 dhidi ya 60, ni 0.67, gawanya, unapata 2.25. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa maana yake. Lakini Kiswahili tunaziita zote "uwezekano", na msomaji akisikia mara 2.25 anaelewa kwamba kwa kila mama mmoja huku kuna wawili na zaidi kule. Si kweli. Tatizo likiwa adimu, namba hizo mbili hukaribiana sana na madhara ni madogo. Likiwa la kawaida kama upungufu wa damu, zinaachana mbali. Alinishauri nitumie rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, ambayo hutoa ule uwiano wa 1.5 moja kwa moja, na kwenye maelezo niandike kwa hesabu ya watu: sitini kwa mia huku, arobaini kwa mia kule. Tangu siku hiyo siandiki "uwezekano mara kadhaa" bila kujiuliza ninamaanisha upi.

Wiki ya tatu ndipo aliporuhusu laptopu itoke kwenye begi. Nilimwambia sina fedha za leseni. SPSS, iliyoanza mwaka 1968 na kununuliwa na IBM mwaka 2009, ni nzuri, na Stata vilevile, nayo wataalamu wengi wa epidemiolojia huipenda. Kama chuo kimelipia, zitumie bila wasiwasi. Chuo changu kilikuwa na leseni kwenye kompyuta chache za maabara, ambayo hufungwa saa kumi jioni, saa ambayo mimi ndiyo kwanza natoka teata. Basi akanionyesha za bure, na ziko nyingi kuliko nilivyodhani. Epi Info, iliyoanza kutolewa mwaka 1985 na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, inafanya kazi bila intaneti, na ndani yake kuna kikokotoo cha ukubwa wa sampuli ambacho kingeniokoa mwaka mzima. OpenEpi iko hata kwenye simu. Jamovi ina menyu za kubofya kama SPSS, na chini yake inaendeshwa na R, programu nyingine ya bure ya takwimu. Kwa kukusanya data kuna KoboToolbox, dodoso linakaa kwenye simu na kutuma majibu mtandao ukipatikana, na REDCap, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, ambayo taasisi hujiunga bila malipo. Kuhusu hii ya mwisho, kaulize chuoni kwako kabla ya kwenda popote. Mimi niligundua chuo kilikuwa kimeshajiunga miaka kadhaa kabla sijadahiliwa.

Nilichagua R. Ilianzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Hailipiwi. Haitaki kraki. Inataka uvumilivu: siku ya kwanza nilikwama saa mbili nzima kwa sababu niliandika Umri mahali pa umri, na kwa R hizo ni herufi tofauti. Wiki mbili za mwanzo nilitamani kurudi kwenye kubofya. Kilichonibakiza ni kwamba kila hatua unaiandika kwenye skripti, mstari kwa mstari, na skripti inabaki. Pale steshenari nilipewa majibu bila njia. Hapa njia nzima ilikuwa imeandikwa, nikaweza kumpa Mwalimu aisome kama anavyosoma faili la mgonjwa, akaweka alama mstari wa 14 na mstari wa 52.

Mstari wa 14 ulikuwa wastani wa umri. Ulitoka karibu miaka 40. Wajawazito! Nilipoangalia umri mkubwa kabisa nikakuta 999. Ndiyo namba niliyoiweka kwenye dodoso kwa mama asiyejua umri wake, nikasahau kuiambia kompyuta kwamba hiyo si miaka. Walikuwa akina mama watano tu, na watano hao walitosha kuwazeesha 379 waliobaki kwa zaidi ya miaka 12. Kwenye zile kurasa 61 kosa hili lilikuwamo, na rangi ya njano ilipita juu yake. Mstari wa 52 ulikuwa tarehe za hedhi ya mwisho. Kompyuta moja iliandika siku kwanza, nyingine mwezi kwanza, kwa hiyo 03/04 ikasomwa Aprili huku na Machi kule, na baadhi ya mimba zikatoka na wiki hasi. Siku hizi naandika mwaka, mwezi, siku: 2018-04-03. Haina utata.

Faida ya skripti niliiona kwa macho siku ya kutetea kweli. Mtahini wa nje akauliza: matokeo yangekuwaje ukiwaondoa wenye mimba za mapacha? Zamani ningeomba wiki mbili na kurudi steshenari. Nilifungua laptopu mezani, nikaongeza mstari mmoja, nikaendesha upya, jedwali likatoka kabla hajamaliza maji yake. Makadirio yalisogea kidogo sana. Akauliza tena kuhusu mipaka ya uhakika ya asilimia 95, ile inayoonyesha makadirio yanaweza kuyumba kiasi gani, kwenye lengo la pili, kwamba ni mipana mno. Nikamjibu ndiyo, ni mipana, na kwa nini, na ningehitaji akina mama wangapi ili iwe myembamba. Lilikuwa swali gumu kuliko lile la mara ya kwanza, na nililijibu kwa sababu uamuzi ulikuwa wangu.

Kwa anayeandika andiko sasa: weka gharama ya mtakwimu kwenye bajeti tangu mwanzo, hata kama ni ndogo, na umwone kabla dodoso halijachapishwa. Nenda na sentensi yako moja, majedwali matupu, na orodha ya vigeu ikionyesha kila namba ina maana gani. Na kama mtu ameshiriki kupanga utafiti, kuchambua na kuandika, jina lake likae kwenye orodha ya waandishi. Watakwimu wengi hufanya nusu ya kazi na kuishia kwenye mstari wa shukrani. Sioni kwamba ni haki. Kwenye makala yangu Mwalimu ni mwandishi wa pili, na sikumpa zawadi.

Kuna moja inayonisumbua zaidi ya mengine yote. Faili nililompa yule kaka wa steshenari lilikuwa na majina ya akina mama, namba za simu, na majibu yao ya kipimo cha VVU, kwa sababu yote niliyaingiza pamoja kama yalivyokuwa kwenye dodoso. Fomu ya ridhaa waliyoweka saini au dole gumba ilisema taarifa zao zitabaki kwangu na kwa wasimamizi wangu. Mwalimu alipoliona faili hakunigombeza. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza, "Na huyo kijana analo bado?" Nilishuka ngazi mbio. Kaka alilikuta kwenye kompyuta ya mbele, ile ambayo wateja wote hutumia kuchapisha, ndani ya kabrasha lenye jina langu. Akalifuta nikiwa nimesimama, akamwaga na pipa la taka. Hakuwa na ubaya wowote, wala hakuna aliyemwambia ndani mna nini. Nililiripoti jambo hilo kwa kamati ya maadili kwa maandishi. Faili lilikaa pale wiki sita.

Sasa niko hospitali ya mkoa na nina utafiti mwingine unaoendelea. Kwenye laptopu mama ni namba tu, kuanzia 001. Majina na namba hizo yanakutana mahali pamoja, kwenye daftari la karatasi lenye jalada gumu, ndani ya kabati la chuma ofisini kwa muuguzi kiongozi. Funguo ni mbili: mmoja anao yeye, wa pili ninao mimi, na kila tunapolitoa tunasaini.